Mkunga wa nitrogliserini: mipira mirefu kama bomba, iliyojaa mlipuko, inayofungulia vifaru njia, na siku ilipowaua walioibeba

Muulize mvuvi yeyote wa Kilwa au Bagamoyo kuhusu mkunga, atakwambia ni yule samaki mrefu kama nyoka anayejificha kwenye mapango ya miamba, ana meno ya hatari na hata ukishamtoa majini ukamtupa ndani ya ngalawa bado unaangalia miguu yako. Waingereza mwaka 1944 walikuwa na silaha waliyoipa jina la samaki huyo huyo, Conger, na kila nikisoma habari zake naona jina lilikaa mahali pake kabisa, maana ile kitu iliwaumiza zaidi waliokuwa wanaibeba.

Naandika hili kwa sababu siku hizi klipu za vita ya Ukraine zimejaa kwenye simu zetu, na kuna moja lazima umeiona: gari la deraya limesimama, roketi inatoka juu yake inaruka huku inavuta nyuma yake kitu kirefu kama utumbo, kitu kile kinaanguka chini kinalala, kimya sekunde chache, alafu ardhi nzima inanyanyuka mstari mmoja kama imepasuliwa na shoka. Watu wengi nikiwaonyesha wanasema hilo ni kombora la kupiga watu. Hapana, kazi yake ya asili ni kufungua njia kwenye eneo lililotegwa mabomu ya ardhini, na ina historia ndefu ambayo sehemu kubwa yake ni swali moja tu, yaani nani atabeba tani nzima ya baruti mpaka mstari wa mbele na baruti hiyo itakuwa mpole kiasi gani njiani.

Tuanze na tatizo lenyewe. Kifaru kina ngozi nene mbele, kina mzinga, kina injini ya nguvu, lakini chini ni dhaifu na kinatembea kwa mnyororo, ukikata mnyororo kimeisha, kinabaki pale pale kama nyumba. Wajerumani kwenye vita kuu ya pili walikuwa na bomu linaitwa Tellermine, la duara kama sahani kubwa (na hilo neno Teller ndio sahani kwa Kijerumani), lile la mwaka 42 lilikuwa na baruti kama kilo 5.5 hivi, halijali sana mtu anayepita kwa miguu kwa sababu linataka uzito wa kilo mia na zaidi, linasubiri gari. Unachimba shimo fupi unalilaza unafukia na jani juu, mtu asiyejua hawezi kuona kitu.

Sasa mtu atasema si wahandisi waende na vifaa vya kunusa chuma wayatoe moja moja? Walifanya hivyo. Kule El Alamein nchini Misri Oktoba 1942, Wajerumani na Waitaliano walikuwa wametega karibu nusu milioni ya mabomu, na Waingereza walikwenda na vifaa vya kutambua chuma vilivyobuniwa na afisa Mpolandi anaitwa Józef Kosacki akiwa Scotland, kama 500 hivi, na pale vifaa vilipoharibika vijana walitambaa kifudifudi wakichoma mchanga kwa singe, taratibu, kwa pembe ya mlalo ili wasiliguse bomu kwa juu. Njia zilizofunguliwa waliziwekea taa ndani ya madebe ya petroli yaliyotobolewa maumbo, njia moja ina jua, nyingine mwezi, nyingine nyota, chupa, mashua, kofia, ili dereva wa kifaru gizani ajue yuko barabara gani. Hiyo picha ya madebe yaliyotobolewa mwezi na nyota jangwani usiku huwa hainitoki.

Shida ni kwamba eneo la mabomu likiachwa peke yake ni kero tu, ukipewa muda utalisafisha. Likiwa linalindwa na bunduki na mizinga linakuwa ukuta. Yule kijana aliyelala na singe yake akifika katikati anafyatuliwa risasi, akisimama anakufa, akiendelea anakufa, na nyuma yake kuna vifaru mia vimepanga foleni vinasubiri yeye. Kwa hiyo jeshi likaanza kutafuta kitu cha kufungua njia kwa dakika moja na sio kwa usiku mzima.

Na hapo ndio wazo la mlipuko linapoingia, na ni wazo rahisi kuliko linavyoonekana. Bomu la kutegwa linasubiri kukandamizwa kwa juu. Halijui kama linakandamizwa na kifaru au na kitu kingine. Ukilipua baruti nyingi juu ya ardhi, hewa inasukumwa kwa nguvu kubwa kwenda pande zote na chini pia, ule msukumo unalibonyeza lile bomu kama vile kifaru kimelikanyaga, linalipuka, au linavunjika kiwashio, au linatupwa pembeni. Ukipanga baruti kwenye mstari mrefu badala ya kuirundika mahali pamoja, unapata uchochoro. Basi, kanuni nzima ndio hiyo. Ugumu wote uko kwenye kuufikisha ule mstari mbele.

Jaribio la zamani zaidi linalojulikana sana ni Bangalore torpedo, mwaka 1912, kapteni McClintock wa wahandisi wa jeshi la Uingereza kule Bangalore India, yeye alitengeneza mabomba ya chuma yaliyojazwa baruti yanayounganishwa moja baada ya lingine na kusukumwa kwa mkono mbele, hasa kwa ajili ya kukata seng'enge. Kwa askari wa miguu inafaa mpaka leo. Kwa kifaru ni nyembamba mno.

Wakaikuza, ikawa Snake, yaani nyoka, bomba la aina hiyo hiyo lakini urefu wa mita 120 hivi, unaliunganisha nyuma ya mstari kisha kifaru kinalisukuma kutoka nyuma mpaka liingie kwenye mabomu, unalipua, unapata njia ya mita 6 hivi. Wamarekani walizitumia Anzio, Italia, Mei 1944 walipokuwa wanajaribu kutoka kwenye ule ufukwe, na zilifanya kazi. Ila fikiria unasukuma bomba la mita 120 lililojaa baruti kwenye ardhi yenye mashimo, linapinda, linakwama, na kombora moja la adui likianguka karibu nalo linalipuka kabla halijafika na wewe uko nyuma yake. Nyoka huyo alikuwa mzito, anataka ardhi tambarare na muda wa kumuunga.

Ndio tukafika kwenye mkunga.

Conger ilikuwa hivi. Wanachukua kile kigari kidogo cha deraya cha Waingereza, Universal Carrier, wanatoa injini, ndani wanaweka roketi, mpira mrefu uliokunjwa, na tanki la mlipuko wa maji maji. Kigari kinavutwa na kifaru cha wahandisi aina ya Churchill AVRE mpaka ukingoni mwa eneo la mabomu. Roketi inafyatuliwa, inavuta ule mpira ukiwa mtupu, mpira unalala juu ya mabomu. Alafu, na hapa ndio pa kushangaza, mlipuko ule wa maji maji unasukumwa kwa presha kutoka kwenye tanki kuingia kwenye mpira mpaka ujae, kisha unalipuliwa. Mantiki unaiona: mpira mtupu ni mwepesi, roketi ndogo inaweza kuuvuta mbali, ungekuwa umejaa usingenyanyuka.

Mpira wenyewe ulikuwa na upana wa inchi 2, urefu yadi 330, yaani karibu mita 300. Nilikaa nikapiga hesabu kwenye karatasi, ukichukua upana huo na urefu huo unapata kama lita 600 za ndani, na maji maji yale ni mazito kuliko maji, lita moja kama kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo ni karibu tani moja ya mlipuko kwa mpira mmoja. Chukua ule mpira wa kumwagilia bustani, unenepeshe, uunganishe mpaka ufike urefu wa viwanja vitatu vya soka kwa mkupuo, ujaze. Sasa ujaze nitrogliserini.

Maana ndio ilikuwa ndani, mchanganyiko wenye jina la kiwandani 822C, na kiungo chake kikuu ni nitrogliserini. Hiki kitu kiligunduliwa na Mtaliano Ascanio Sobrero mwaka 1847 na mwenyewe alikiogopa. Mwaka 1864 kilimuua Emil, mdogo wa Alfred Nobel, pamoja na wengine kwenye kiwanda chao Stockholm, na kazi kubwa ya Alfred Nobel baada ya hapo ilikuwa kukipoza, akakinywesha kwenye udongo maalumu ndio ikazaliwa baruti ya dainamaiti mwaka 1867. Yaani dunia ilishajifunza miaka 80 kabla kwamba usikibebe kikiwa maji maji. TNT, baruti ya kawaida ya mabomu, unaweza kuiyeyusha kwenye joto ukaimimina kwenye ganda la kombora kama nta, unaweza kuigonga na ikatulia, mpaka uichokoze kwa kiwashio (fataki kama wanavyoita wachimbaji wetu) ndio inaamka. Nitrogliserini haitaki fataki, mshtuko tu unaitosha, na ikiwa na viputo vya hewa ndani inakuwa kali zaidi kwa sababu kiputo kikibanwa ghafla kinapata joto kali sehemu ndogo sana na hapo ndio moto unaanzia. Na mtu anayeisukuma kwenye mabomba na mipira na matanki, kazi yake yote imejaa viputo na mitikisiko.

Walijua hayo. Sio kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa na haraka, na maji maji ndio kitu pekee kinachoweza kusukumwa kwenye mpira. Nadhani hapo ndipo lilipo kosa la kimsingi la Conger, walitatua tatizo la uzito wa roketi kwa kuwakabidhi vijana wa lori tatizo kubwa zaidi.

Oktoba 1944 hali ilikuwa hivi: mji wa bandari wa Antwerp, Ubelgiji, ulikuwa umetekwa mzima mzima tangu tarehe 4 Septemba, lakini meli haziwezi kuingia kwa sababu Wajerumani bado wameshika pande zote mbili za mto Scheldt unaoelekea bandarini. Majeshi yote ya washirika yanalishwa na malori kutoka mbali Ufaransa. Wakanada ndio walipewa kazi ya kuusafisha mdomo wa ule mto, na kusini mwake kwenye ardhi ya Uholanzi kuna eneo la mashamba lililo chini kuliko bahari, tambarare kabisa, mitaro kila mahali, barabara zipo juu ya matuta tu. Nchi kama hiyo ni rahisi sana kuitega, unatega tuta moja umefunga tarafa nzima. Kwa hiyo wahandisi wa Kiingereza wenye AVRE na Conger zao, kutoka ile Divisheni ya 79 ya jenerali Percy Hobart iliyokuwa na magari ya ajabu ajabu ya kivita, wakaletwa kuwasaidia Wakanada.

Tarehe 20 Oktoba 1944, karibu na mji mdogo unaitwa IJzendijke, kikosi kilikuwa kwenye uwanja wa shamba, malori yenye nitrogliserini yapo, vifaru vipo, watu wanaendelea na shughuli za kawaida za kikosi kilicho nyuma kidogo ya mapigano. Lori la nitrogliserini likalipuka. Waliokufa ni zaidi ya 40, Waingereza na Wakanada, na majeruhi wengine kwa makumi. Magari ya deraya yaliyokuwa karibu yakasambaratishwa, vitu vya chuma vya tani kadhaa. Wengine wao hawakupatikana hata kipande cha kuzika. Hakuna adui aliyewashambulia saa ile. Mabomu waliyokuja kuyafungua yalikuwa bado yamelala mbele kwenye matuta.

Watu wa Dar wanaokumbuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011 hawahitaji kuelezwa sana maana ya zana za vita kulipuka mahali zilipohifadhiwa. Ule usiku wa Februari mimi nilikuwa mbali kabisa na pale lakini vioo vya dirisha vilikuwa vinalia kwenye fremu, na baadae tukaanza kuona kina mama wanatembea barabarani na watoto mgongoni wanaelekea mjini, mmoja alikuwa amevaa kiatu kimoja. Ndio maana nikisoma IJzendijke siwezi kuisoma kama habari ya silaha tu. Kule kwenye mji kuna mnara wa kumbukumbu ya hao vijana, na kwenye mapigano yenyewe Conger ilitumika mara chache mno ukilinganisha na watu iliowamaliza siku moja.

Baada ya vita wazo la roketi na mpira halikufa, lilibadilishwa tumbo. Waingereza walitengeneza Giant Viper, jina la nyoka tena, kwa kwetu ungesema kifutu mkubwa, na safari hii mpira unatoka kiwandani ukiwa umeshajazwa baruti ya plastiki, ile laini kama ugali wa ngano, karibu tani moja na nusu, ambayo ukiipiga nyundo haishtuki. Kwa sababu mpira umejaa na ni mzito ikabidi roketi ziwe nane zilizofungwa pamoja, na mkiani kuna parachuti tatu za kuunyoosha usije ukalala umejikunja. Njia inayopatikana ni kama mita 180 kwa 7. Aliyerithi nafasi yake anaitwa Python, chatu. Yaani wale jamaa wamekaa kwenye nyoka tu.

Wamarekani wana yao wanaita MICLIC, kamba ya mita 107 yenye kilo 790 hivi za C-4, nayo ni baruti ya plastiki, inakaa kwenye tela au juu ya gari, inafungua mita 100 kwa 8. Warusi wana UR-77, hiyo ndio ya kwenye zile klipu, imejengwa juu ya gari la mzinga wa Gvozdika, inabeba kamba mbili za mita 93, kila moja ina kilo 725, na askari wao wameibatiza Zmey Gorynych, lile joka la hadithi zao za kale lenye vichwa vitatu. Hii kitu imetumika vibaya pia, Syria ilirushwa kwenye mtaa wa Jobar kule Damascus ikalala juu ya nyumba na kuangusha safu nzima ya majengo kwa mara moja. Hakuna bomu la ardhini lililokuwa linafunguliwa pale.

Sasa nisikufanye uamini kwamba baruti ya plastiki ilimaliza hatari. Ilimaliza ile ya mtikisiko. Lakini baruti mpole ina tabia nyingine, inaweza kugoma. Mwaka 1991 Wamarini wa Marekani walipokuwa wanaingia Kuwait tarehe 24 Februari, baadhi ya kamba ziliruka vizuri zikalala vizuri kisha kimya, hazikulipuka, na hapo hakuna namna, mhandisi anafungua mlango anatoka kwenye deraya anakimbia kwa miguu kwenda kwenye ile kamba iliyolala juu ya mabomu, anaiwekea kiwashio kwa mkono, anarudi mbio. Ndio sababu baadae walitengeneza gari lao jipya la kufungulia njia, ABV, lililojengwa juu ya mwili wa kifaru cha Abrams, kamba mbili mgongoni na kila kitu kinaendeshwa kutoka ndani. Lilitumika kwa mara ya kwanza Now Zad, Afghanistan, Desemba 2009.

Na mabomu nayo yalijifunza. Waitaliano walitengeneza aina kama VS-1.6 na VS-2.2 zenye kifuko cha hewa ndani, ukiikandamiza polepole kama gurudumu linavyofanya hewa inahama na bomu linawaka, ukiipiga kofi la ghafla la mlipuko hewa haipati muda wa kuhama na bomu linabaki limelala zima kabisa. Mengine yanataka kukanyagwa mara mbili, mlipuko wa kamba unahesabika kama mara ya kwanza. Kwa hiyo hakuna jeshi makini linalopitisha vifaru moja kwa moja baada ya mlipuko, lazima kwanza lipite gari lenye jembe la kulima au magurudumu mazito mbele, likihakikisha.

Ukichanganya yote hayo unaelewa kilichotokea mkoa wa Zaporizhzhia, Ukraine, Juni 2023, Waukraine walipojaribu kuvunja mstari wa Warusi. Mabomu ya Warusi yalikuwa yametegwa kina kirefu, sehemu nyingine mamia ya mita na zaidi, kamba moja inafungua mita 100, kwa hiyo eneo la mita 500 linataka kamba 5, kila gari la kurusha linatakiwa lisimame wazi kabisa, lirushe, lisubiri, likae pembeni lipishe lingine, na juu kuna droni inatazama. Karibu na Mala Tokmachka tarehe 8 Juni msafara wa Waukraine ulibanwa hivyo hivyo, vifaru vya Leopard, magari ya deraya ya Bradley na gari la Kifini la kufungulia njia vikabaki kwenye uchochoro mmoja, picha dunia nzima iliziona. Na hata njia ikifunguka, Warusi wana roketi za kutega mabomu mapya kutoka mbali, wanaifunga tena nyuma yako. Upande wao wenyewe UR-77 zao zimepigwa na droni zikiwa na mzigo, na moshi wake unapanda kama wa ghala zima. Kilo 1,450 za baruti juu ya gari la deraya nyembamba lenye watu wawili ndani. Baruti haishtuki kwa shimo la barabarani tena, lakini droni inajua pa kugusa.

Swali ambalo huwa naulizwa kila nikieleza haya ni kwa nini basi hizi kamba zisipelekwe Angola au Kambodia zikasafishe mashamba ya watu yote mara moja. Jibu ni kwamba hii mashine haisafishi, inafungua. Kamanda akipata mita 6 za upana ambazo mabomu mengi yametoka ameridhika, atakubali kupoteza kifaru kimoja kwenye yale machache yaliyobaki. Mkulima hawezi kukubali hata moja. Tena kamba inaharibu zaidi kazi ya wanaokuja kusafisha, kwa sababu inatupa mabomu mengine pembeni yakiwa mazima, yamepinduka, kiwashio kimelegea, na imejaza udongo vipande vya chuma na harufu ya baruti kila sehemu mpaka vifaa na wanyama wa kunusa wanachanganyikiwa.

Kazi ile ya mashamba inataka kitu kingine kabisa, na kwa hilo Morogoro wanaijua. Shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine wanafundisha panya buku kunusa TNT, panya anafungwa kamba nyembamba kati ya watu wawili, anatembea mstari, anarudi, anatembea mstari wa pili, akinusa anakwaruza ardhi kwa miguu ya mbele. Ni mwepesi mno, bomu halimsikii. Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 akapelekwa Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini 71 kwa namna hiyo, moja moja, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza. Alikufa Januari 2022, ameshastaafu.